Moshi Uliokataa Kutoka

Mgeni alidai amepiga hodi. Raihana hakusikia hodi yoyote. Aliinua macho kutoka kwenye sufuria ya udi wa sukari iliyokuwa ikichemka taratibu, akamkuta mwanamke amekwisha ingia ukumbini, viatu amevivua mlangoni kwa adabu, kikapu amekikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Nimepiga mara mbili," mwanamke alisema. "Ya pili umeniitikia. Umeniambia karibu."

"Mimi?" Raihana aliweka mwiko. Nyumbani hamkuwa na mtu mwingine. Mumewe, Mzamil, fundi wa injini za boti, alikuwa gatini Mbaraki tangu asubuhi. Nje, kichochoro ambacho alasiri kama hiyo hujaa watoto watokao chuo cha Kurani, kilikuwa kimya. "Haya, karibu, mama. Pengine nimeitika bila kujijua. Udi ukikaribia kushika, mtu hasikii hata radi."

Mgeni aliketi kwenye mkeka. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amejifunga leso mbili, na msalaba mdogo wa mbao ulikuwa shingoni. Alisema jina lake ni Naomi, ametoka Kaloleni, na amefikia Majengo kwa binti wa dada yake. Kisha akaingiza mkono kikapuni, akatoa shati la buluu lililokunjwa vizuri, akalinyoosha mbele ya Raihana kwa mikono miwili.

"Nusa."

Raihana alisita. Shati lilikuwa chafu kwenye ukosi. Juu ya mfuko palishonwa neno moja kwa uzi mweupe: *Nasimu*. Aliinama, akanusa, na mwili ukamsisimka. Chini ya jasho lililokauka mlikuwa na udi wa sukari, sandali, na maua ya mkadi.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Nimezunguka nalo tangu juzi," Naomi alisema. "Wauza manukato wote wa Bondeni wamelinusa, na wengine wamenicheka. Mmoja akaniambia, huu ni udi wa Raihana wa Mji wa Kale, peke yake ndiye atiaye mkadi. Mimi ni mama yake Ngowa."

Raihana akajua. Ngowa alikuwa kijana wa kazi kwenye boti iitwayo Nasimu, ile nyeupe yenye chumba cha chini, ambayo Fahmi huikodisha kwa watu wanaokwenda kutembea baharini. Kabla ya Ramadhani alikutwa amekufa ndani ya choo cha boti, ameketi, kichwa amekiegemeza ukutani kama aliyepitiwa na usingizi. Mzamil alikuwa mmoja wa waliomtoa. Siku hiyo alirudi nyumbani akasukuma sahani ya wali kando. Na udi ule Fahmi aliununua kwa Raihana, uwe ukifukizwa chooni ili wageni wasisikie harufu.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Sasa nataka kujua." Naomi alilikunja shati upya, mkono kwa mkono. "Mwenye boti alisema mwanangu alikuwa mlevi, kwa hivyo hana la kunilipa. Ngowa alikuwa mwimbaji wa kwaya, pombe hakuijua. Wenzake nao wakasema jini wa boti amempenda, akamchukua. Mimi nilimwosha mwenyewe. Mwanangu alikuwa mweusi kama mimi, lakini midomo ilikuwa myekundu, na viganja vyekundu, kama bwana arusi aliyetiwa hina. Mlevi gani anakufa amependeza hivyo?"

Sufuria ilianza kutokota kwa sauti nzito.

"Nimesikia kesho unakwenda kuifukiza ubani boti hiyo, jini atoke."

"Ndiyo. Ameniita Bwana Fahmi. Jumamosi ina watu wa harusi, wanawake na watoto, na ameona watu wameanza kuiogopa."

"Basi keti pale alipoketi. Kisha uje uniambie ulichokiona. Usinipigie simu, usinitumie mtu. Uje wewe, kwa mdomo wako. Ukiona ulevi, niambie ulevi. Ukiona jini, niambie jini. Shati hili silifui mpaka nijue."

Iko inshallah ambayo watu wa pwani huitumia kumtoa mtu mlangoni kwa heshima. Raihana aliihisi kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliyatazama yale mapindo ya shati, akaona jinsi yalivyofuata alama za zamani, kwamba limekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kwa mkono uleule.

"Nitakuja," alisema.

Mgeni alipoondoka, udi ulikuwa umeungua upande mmoja.

&nbsp;

"Na kwa nini ukamwahidi?" Mzamil aliuliza jioni ile, huku akisugua grisi kwenye vidole kwa unga wa sabuni. "Wewe si polisi, wala si mganga."

"Ameniomba, nami nilikuwa nimeketi."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo nililonalo."

Mzamil akacheka kidogo. Wote wawili walitazama juu, kwenye boriti za dari. Chumba kile cha chini na kile kiua cha kupikia udi vilikuwa mali ya Fahmi. Marehemu mama yake aliwapa wakae kwa kodi ya huruma, naye akamalizia kwa kusema, maadamu niko hai. Sasa hayuko hai. Fahmi hakuwafukuza, lakini kila alipopita mlangoni aligonga ukuta kwa funguo zake na kusema, "Nyumba ya mama hii, jamani, itunzeni," na Raihana alilazimika kutabasamu.

"Ile boti zamani ilikuwa na ndoo tu," Mzamil alisema. "Mgeni akibanwa, anapewa ndoo na pazia. Watu wakacheka, lakini hakufa mtu. Halafu kikaja kile choo cha kubebeka, kama sanduku. Kikawa kinanuka. Ndipo Bwana Fahmi akasema anataka choo cha hoteli, chenye tangi, chenye kioo, chenye feni ya kutoa harufu. Akaleta fundi wa vyoo. Na wageni waliokaa nyuma wakilalamika moshi wa injini unawapiga usoni, akaleta fundi mwingine, akaliondoa bomba la ekzosi nyuma, akalitoa ubavuni."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa ndani ya injini, Raihana. Hakuna aliyeniuliza la choo."

&nbsp;

Asubuhi maji ya Mbaraki yalikuwa mazito kama mafuta. Nasimu ilifungwa gatini, nyeupe mno, na hapakuwa na ndege hata mmoja juu yake ingawa mashua za jirani zilijaa kunguru. Nahodha wake, Kaingu, mtu wa makamo mwenye tumbo, alikuwa amesimama ukingoni akikojoa baharini.

"Choo cha hoteli unacho, nawe wakojoa kama paka!" Mzamil alimwambia.

"Kitumie wewe," Kaingu alijibu huku akifunga zipu haraka alipomwona Raihana. "Samahani, bibi. Mle mimi siingii. Kila mgeni akitoka mle hushika kichwa. Mmoja alitapika, nikamwambia ni mawimbi. Na bahari siku hiyo ilikuwa shwari kama sinia."

Fahmi alikuwa amekwisha fika. Kanzu yake ilikuwa safi, simu mkononi. Alimsalimu Mzamil kwa jina, na mkewe kwa macho tu, akikitazama chetezo chake na kifuko cha makaa.

"Bi Raihana, mito hii mipya. Usiikalie na masizi yako. Kaa chini." Raihana akakaa chini, juu ya mbao. "Na wewe fundi, washa injini kabisa, uisikilize. Tusifanye kazi mara mbili. Mama atoe jini, wewe utoe kasoro."

Mzamil alikagua petroli, akafunga kila kifuniko, akamwekea mkewe chetezo ndani ya beseni la mchanga. "Moto usitoke hapa," alimnong'oneza. Kisha akashuka kwenye injini.

Choo kilikuwa kidogo kama kabati. Raihana aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Palikuwa na bakuli jeupe lenye kifuniko, kioo cha duara, na juu ukutani, upande wa bahari, tundu lenye wavu ambamo feni ilizunguka kwa mlio mwembamba wa nzi. Alisoma alichozoea kusoma, akatia ubani kwenye makaa, akavuta mlango.

Miaka mingi alikuwa ameishi na moshi. Alijua unavyopanda ngazi za nyumba za Mji wa Kale, unavyotafuta dirisha, unavyolala chini siku za mvua. Alijua kwamba uzi wa kwanza wa moshi utanyooka, uifikie feni, unyonywe uende zake. Uzi wa kwanza ulinyooka. Ulifika kwenye wavu, ukasita, ukajikunja kama kidole. Kisha ukarudi. Ukamshukia kichwani, ukapita kifuani, ukateremka magotini, ukatambaa sakafuni hadi kwenye ufa wa mlango.

"Unakuja huku!" Kaingu alipiga kelele nje. "Jamani, moshi umekataa kutoka! Unakuja huku!"

"Fukiza, fukiza!" Fahmi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Ndiye huyo! Anapigana!"

Raihana aliufungua mlango, akampa Kaingu beseni na chetezo. Ubani wake ulitoka chooni wote. Kisha, mbele ya macho ya Fahmi, akaufunga mlango tena, akaketi juu ya kifuniko, akaegemeza kichwa ukutani pale ambapo kijana aliegemeza chake. Nilimwahidi, alijiambia. Nikae kiasi cha kulitaja jina la Ngowa.

Alilitaja. Injini ilinguruma chini ya miguu yake. Feni ililia. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na harufu ya udi wake mwenyewe ulioingia kwenye mbao, mkadi na sukari, na chini yake kitu kidogo mno, kama sarafu ulimini. Kichwa kilianza kumbana, kama kilemba kinachokazwa na mtu asiye na haraka. Kisha kikaacha kubana. Akajiona amechoka kwa uchovu mtamu, uchovu wa baada ya harusi. Kwenye kioo palikuwa na mwanamke aliyeketi, amefumba macho, na Raihana hakukumbuka kufumba macho, wala hakujua aliyafumbua lini akamwona.

Mtu akapiga hodi.

Hakuona ajabu. Hodi ilitoka mbali, kutoka upande wa bahari, nyuma ya wavu. Ikapigwa tena. Raihana aliona ni adabu kuitika, akafungua kinywa, akasema kwa furaha, "Karibu."

Mlango ukang'oka. Ilikuwa mikono ya Mzamil, myeusi kwa grisi, iliyomvuta hadi kwenye jua. Alitapika ubavuni mwa boti, juu ya kanzu ya Fahmi kidogo.

"Nimekugongea hukuitika!" Mzamil alikuwa karibu kulia. "Kisha unaitika kama mlevi!"

"Kama mlevi," Raihana alirudia. Alishika mbao kwa mikono miwili mpaka bahari ikaacha kuzunguka. "Mzamil, moshi haukatai. Niko na moshi tangu usichana wangu. Moshi husukumwa. Nenda kaitazame ile feni."

Mzamil alivuta pumzi, akaibana, akaingia na karatasi nyembamba ya sigara ya Kaingu. Aliiweka mbele ya wavu. Kama feni ingekuwa inatoa harufu nje, karatasi ingenasa kwenye wavu. Karatasi iliruka ikamgonga usoni. Akatoka, akainama ukingoni, akatazama ubavu wa boti kwa nje. Tundu la feni lilikuwa pale. Na chini yake, mkono mmoja tu, kinywa cha ekzosi kilikuwa kikitema moshi mwembamba wa kijivu, nao ulipanda moja kwa moja na kuzama ndani ya tundu.

Alizima injini. Sasa walisikia makaa yakipasuka ndani ya chetezo.

"Nyaya za feni zimepishana," alisema polepole. "Inavuta ndani badala ya kutoa nje. Fundi wa vyoo hakujua ekzosi itahamishwa. Fundi wa ekzosi hakuuliza tundu lile ni la nini. Moshi wa petroli una hewa ndani yake isiyoonekana, wala hainuki. Inamlaza mtu. Na ule moshi unaonuka kidogo, udi umeufunika." Alimtazama Fahmi. "Siku ile wageni walitaka muziki. Injini haikuzimwa. Ngowa aliingia kuosha choo."

Kaingu alivua kofia.

Fahmi alikuwa akijifuta kanzu kwa leso, mahali palepale, tena na tena. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye hofu na mali, na hofu ya mwenye mali ina adabu zake. "Inatengenezeka?"

"Leo hii. Nageuza nyaya, narudisha ekzosi nyuma. Wageni wapigwe na moshi usoni, ni heri."

"Basi tengeneza. Watoto wa watu hawatadhurika, alhamdulillahi. Na habari hii iishe hapa gatini." Aligeuka kwa Raihana. "Nimesikia yule mama wa Kaloleni alikuja kwenu."

"Alikuja."

"Usimrudishe kwenye kilio, Bi Raihana. Amekwisha kubali. Ukimwambia hili atakwenda kwa wakili, na mimi boti hii nimeikopea." Alitoa funguo mfukoni, akazichezesha, mlio uleule wa kila siku. "Sitaki kusema maneno mabaya. Lakini ukienda kwa mama yule, ufunguo wa nyumba uuache kwangu."

&nbsp;

Mzamil alirudi nyumbani baada ya swala ya Ijumaa. Boti alikuwa ameimaliza. Alikuwa ameijaribu mara tatu kwa karatasi, na mara ya mwisho kwa pua yake mwenyewe, Kaingu akimshikilia mkanda kutoka nyuma. Alimkuta mkewe amefunga nguo kwenye shuka, vyetezo amevipanga ndani ya kikapu, sufuria kubwa ya udi bado ina joto jikoni.

"Kesho wale watoto watarudi salama," alisema mlangoni. "Hilo tumelifanya. Ngowa amekwisha kufa, Raihana. Neno lako halitamfufua."

"Sikumwahidi kumfufua."

"Tutakwenda wapi? Kwa dada yangu tulale sebuleni? Na udi wako utaupika wapi, barabarani?"

"Sijui."

"Husemi hata inshallah?"

"Nikisema inshallah nitakaa." Raihana alifunga fundo la shuka, likafunguka, akalifunga tena. "Nilipokuwa mle nilisikia hodi, nikaitika. Ilikuwa ni wewe. Ngowa naye alisikia nini? Nani alimgongea? Mama yake anadhani aliitwa na jini, au alianguka kwa ulevi, na kila usiku analinusa lile shati kutafuta lipi ni lipi. Mimi najua. Nitakaaje hapa nipike sukari, nami najua?"

Mzamil alikaa kwenye kizingiti. Alitazama boriti za dari, zile alizozipaka mafuta mwenyewe mwaka walioingia. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akaipandisha sufuria ya udi mabegani kama alivyozoea zamani alipokuwa kuli bandarini, joto lake likimchoma shingo.

"Wewe beba neno," alisema. "Sufuria ni nzito, nitaibeba mimi."

Ufunguo waliupeleka dukani kwa Fahmi. Hakuwepo, au hakutaka kuwepo. Raihana aliuweka juu ya meza ya kioo, na ulipogusa kioo ulitoa mlio mdogo, safi.

&nbsp;

Majengo, nyumba ya binti wa dada yake Naomi ilikuwa ya udongo na bati, na pazia la mlango lilikuwa na maua yaliyofifia. Watu kichochoroni waligeuka kumtazama mwanamume aliyebeba sufuria na mwanamke aliyebeba shuka, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama hao wamefukuzwa. Raihana alimjibu kwamba ndiyo.

Alisimama mbele ya pazia.

"Hodi."

Akadhani pengine hakuna mtu ndani.

"Hodi."

"Karibu," Naomi aliitika, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu.

Waliketi. Mzamil aliitua sufuria mlangoni, naye akabaki nje, amesimama wima, kama mtu anayengoja kuitwa kutoa ushahidi. Raihana alimweleza yote kwa mfuatano: feni, bomba, nyaya, hewa isiyonuka, kichwa kilivyombana na kilivyoacha. Alimwambia midomo myekundu ilitokana na hewa hiyo. Alimwambia Ngowa hakuumia, kwamba usingizi ule ni mtamu, na hilo alilijua, kwa sababu alikuwa ameuonja. Alimwambia udi wake ulifunika harufu ambayo pengine ingemwamsha. Hilo hakuombwa kulisema. Na akamwambia kwamba Mzamil yuko tayari kulisema lile la bomba mahali popote atakapotakiwa.

Naomi hakulia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Kwa hivyo hakulewa."

"Hakulewa, mama."

"Wala hakuitwa."

"Wala hakuitwa. Alikuwa kazini."

Naomi akainuka, akatoa karai chini ya kitanda, akamimina maji ya dumu ambayo binti wa dada yake alikuwa amenunua ya siku nzima. Alilichukua shati kutoka kikapuni. Hakulinusa. Alilizamisha, akalisugua ukosi, akalisugua mfuko wenye jina la boti, na harufu ya mkadi ikapanda chumbani kwa nguvu, ikawa kama mtu amesimama kati yao, kisha ikapungua.

"Nishikie huku," alimwambia Raihana.

Raihana alishika mikono miwili ya shati, Naomi akashika pindo, wakalikamua kwa kulizungusha, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka maji yakaisha.